Mtu wa Kwenu

Kazi yangu chuoni ni kuwazuia watu wazima wasiache masomo. Wana watoto, wana zamu, wana migongo inayouma, na digrii wameianza katika umri ambao wenzao nyumbani wanaozesha mabinti. Chuo kiliniajiri kwa sababu mimi ni Mkenya. Wanafunzi wote wa Afrika Mashariki nikaletewa mimi, eti tutaelewana. Tunaelewana mno, na hilo ndilo balaa.

Telesphor, Mtanzania wa Wembley, London, alikuwa mwaka wa mwisho wa ustawi wa jamii. Mchana mwanafunzi, usiku anahudumia wazee. Tangu Krismasi hakuwa ameleta kazi hata moja. Kila nikimpigia, "Salama kabisa, dada." Nani alitaka salama? Kanuni ilitaka aseme mwenyewe kwamba ana shida, ndipo nimwombee muda. Siku ya mwisho ikafika: asiposema kufikia saa kumi na moja jioni, anafutwa chuoni.

Nikamfuata kwake. Mkewe, Lilian, ambaye tunasali kanisa moja, alifungua mlango kwa furaha utadhani nimemletea cheti chenyewe.

"Mwalimu wa Baba Neema! Karibu, karibu ndani!"

Nikawekewa chai, maandazi, kisha wali. Siri ya mwanafunzi siruhusiwi kuitoa hata kwa mkewe, kwa hiyo nilikula. Telesphor alikaa pembeni, amekonda, akicheka kila mkewe alipocheka. Nilitamani kumrushia sahani.

Tumaini langu likabaki kwenye kusindikizwa. Kwetu mgeni haachwi mlangoni. Mwenyeji humtembeza mpaka kituoni, na mambo mazito husemwa njiani. Nilipoaga, Telesphor akavaa koti. Lilian naye akavaa lake.

"Mama Neema, wewe baki tu upumzike," nikamwambia.

"Jamani! Mgeni kama wewe asindikizwe na mtu mmoja?"

Tukatembea watatu, yeye katikati, amenishika mkono. Karibu na kituo cha basi akakumbuka hajanifungashia kitu, akaingia duka la matunda la Mansukh kuninunulia maembe.

"Kaka, sema haraka," nikamwambia. "Uko na shida gani? Umechoka, unaumwa, chochote. Ni extension tu nakuombea, naandika hapa hapa kwa simu."

"Niko salama, dada."

"Telesphor! Wanakutoa leo!"

Akatazama mlango wa duka. "Zamani nilikuwa naenda kwa Jasmeet," akasema. Jasmeet, Mhindi, ni mwenzangu ofisini. "Yule nilikuwa namwambia kila kitu. Nimewahi hata kulia mbele yake. Siku moja akaniambia, tena kwa furaha, sasa tumekupatia mtu wa kwenu."

"Mimi siwezi kuambia mtu. Naapa."

"Najua hutasema. Lakini utakuwa unajua. Jumapili utakaa kanisani nyuma yangu na mke wangu, na unajua."

Nikampigia Jasmeet, yuko likizo, simu ikaita mpaka ikakatika. Nikampigia mkuu wetu, Mwingereza asiyemfahamu mtu yeyote Wembley, nikamtia Telesphor simu mkononi. Akaiweka sikioni. Akavuta pumzi, akafungua kinywa.

Lilian akatoka dukani.

"Mtandao wa hapa mbovu," Telesphor akasema kwa sauti, akanirudishia simu. Mkuu wetu alikuwa bado anaita, "Hello? Hello?" Nikakata. Moyo uliniuma, na hasira ilinipanda hata sijui nilimkasirikia nani.

Saa kumi na moja ikafika, na basi likatokea kwenye kona. Lilian akanipa mfuko wa maembe, akanikumbatia.

"Mwalimu, hebu niambie, graduation ni lini hasa? Nataka kuagiza vitenge, tushone sare mimi na watoto."

Telesphor alinitazama.

"Mwezi wa saba," nikamwambia Lilian.

Akapiga kigelegele pale pale barabarani, watu wakageuka.

"Asante sana, dada," Telesphor akasema. Huo ndio msaada pekee aliowahi kuupokea kwangu.