Senema ya Finlandi Ilivyomponza Amur

Jamani, nyumba yetu ya Matrah, hapa Maskati, haikaliki, na aliyeitia moto ni mimi!

Nimerudi likizo kutoka chuoni Misri, mama na shangazi Mahfoudha wakanambia, haya hadithia. Basi nikawahadithia senema tuliyooneshwa chuoni, ya Finlandi. Kijana wa miaka kumi na sita, mzuri, mpole, kumbe anavuta hashishi, tena anawauzia wenzake wa skuli. Mama yake hana habari, maana kijana kabla hajaingia ndani hujitia manukato kuua harufu.

Shangazi akaweka kikombe chini. "Manukato?"

Wallahi pale pale nikajua nshaharibu. Kwani Maskati hii nani hajitii manukato? Mdogo wangu Amur nguo zake hufukizwa udi mpaka unapiga chafya! Na wiki ijayo nnasafiri naye, akaanze skuli Misri. Safari hiyo kaingoja kama Idi.

"Amur ana umri gani vile?" shangazi anauliza, eti hajui.

"Kumi na sita," mama akajibu.

Amur huyo akaingia, ananukia kama bibi harusi. Mama akamvuta shingo, akamnusa.

"Unaficha nini?"

"Udi huo mama, si umenifukiza mwenyewe?"

"Usinijibu!"

Wakapekua sanduku, wakapekua mto, godoro, hata kofia ikapinduliwa. Hamna kitu. Nikashusha pumzi. Mama akanigeukia.

"Yule wa Finlandi chumbani kwake walikuta nini?"

Nami mjinga nikasema kweli. "Hawakukuta kitu. Alikuwa akificha nje."

"Umeona!" Shangazi akajipiga paja.

"Basi Amur hendi," mama akasema.

Amur akanitazama kama atanimeza. Ikabidi niongope: mwishoni ilijulikana yule kijana kasingiziwa, muuzaji hasa ni jirani yao.

"Mbona mwanzo hukusema?"

"Nilisahau, mama."

"Senema mtu husahau mwisho?"

"Anamtetea," shangazi akadakia. "Watakaa mji mmoja huko, watafichiana hao."

Mama akanivuta na mie, akaninusa nywele!

Asubuhi akatoa hukumu. Amur atakwenda, mie ntakwenda, na yeye atafuatana nasi akae huko huko. Baba keshatumwa akaombe paspoti ya mama. Amur anacheka peke yake, skuli kaipata. Mie ndo sina raha: mama anataka kujua chumba changu cha chuoni kina vitanda vingapi.