Mikanda Iliyofungwa Bila Watu

Karibu na usukani wa gari la zimamoto la kijiji cha Steinruck palikuwa na taa tatu ndogo nyekundu, moja kwa kila kiti cha nyuma. Mtu akikaa bila kufunga mkanda, taa yake huwaka na kulia kama kifaranga aliyepotelewa na mama. Akifunga, hunyamaza. Verna Lutz alizipenda taa zile. Siku za shule aliendesha basi la watoto, na kila asubuhi alipita akivuta mikanda yao mmoja mmoja kwa mkono. Kengele ya moto ilipolia aliliendesha gari hili, na watu wazima aliwaachia taa.

Ilikuwa Jumamosi ya kuuza supu ya kuku na mahindi, ile wanayopika kituoni kila vuli ili wanunue mipira ya maji. Hakuna anayelipwa mshahara Steinruck, wote wanajitolea. Clair Umholtz, kijana wa kiwanda cha mbao, alikuwa akimchotea mzee Enos supu ya chini ya sufuria, kwenye nyama. Verna alimwona, na moyo ukampoa. Ndipo kengele ikalia. Banda la nyasi la akina Groff lilikuwa linawaka.

Wakakimbia. Nyuma walipanda Clair, Lorene mwuza maua, na Dwight, mtoto wa Verna, mwanamume mpana kama mlango wa ghala.

"Leo mpira ni wangu!" Clair alipiga kelele.

"Utaushika umevaa soksi?" Lorene akamjibu. "Buti lako moja hili hapa nimelikalia."

Hiyo ndiyo desturi yao tangu enzi za babu zao: atakayemaliza kuvaa kwanza ndiye atakayeshika mdomo wa mpira na kutangulia motoni. Ni heshima kubwa. Kwa hiyo walivaa njiani, koti, mtungi wa hewa, kofia, gari likienda mbio.

Verna alitupa jicho kwenye taa. Zote zilikuwa zimezimika. Akawaza, leo wamekuwa wasikivu.

Kwenye kona ya kinu, gari la farasi lilijitokeza, mama na watoto wawili ndani. Verna alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Farasi alipita. Nyuma yake akasikia kishindo kimoja kizito, kisha Lorene akilia, "Clair! Clair, usijitingishe!"

Clair alikuwa amesimama nusu, mkono mmoja ndani ya koti. Alirushwa mbele, shingo ikagonga chuma. Dwight alikuwa ameshika upau wa juu. Lorene alikuwa ameinama kutafuta buti lake. Hiyo tu ndiyo iliyowaokoa.

Wenzao wa mji wa jirani wakaenda kulizima banda. Clair alipochukuliwa na gari la wagonjwa, Verna alipanda nyuma kutazama. Mikanda mitatu ilikuwa imefungwa vizuri, imelala bapa kwenye viti, kama shuka la kitanda ambacho hakuna aliyekilalia. Waliifunga asubuhi, wakawa wanaikalia ili taa zisiwake.

Siku ya nne alikwenda hospitali. Madaktari hawakujua kama Clair atatembea tena.

"Usilie, Mama Verna," Clair alisema, macho yakitazama dari, maana kichwa hakikugeuka. "Breki zako nzuri sana. Wale watoto je?"

"Wazima. Mama yao amekuletea mkate wa maboga."

"Basi vizuri. Mtazame Dwight. Usimgombeze, mtazame tu."

Jioni Verna alimwuliza mwanawe mezani nani aliyeanza mchezo ule wa mikanda. Dwight aliweka uma chini.

"Mimi. Clair alijifunza kwangu."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Mama, niache tafadhali." Akatoka, chakula hakukimaliza. Mkewe, Kathy, mwenye mimba ya miezi saba, akakifunika kwa sahani.

Siku tisa baadaye kengele ililia saa nne asubuhi: jiko la mzee Enos. Dwight na Lorene walipanda. Verna hakuwasha gari. Alizunguka, akafungua mlango wa nyuma, akauvuta mkanda wa Lorene. Ulikaza. Akamgeukia Dwight.

"Funga."

"Mama, nyumba ya mzee inaungua!"

"Najua inaungua. Funga."

"Sisi si watoto wa basi lako!"

"Wale wana adabu kuliko wewe. Funga, Dwight."

Dwight aliuvuta mkanda juu ya koti nene, juu ya tumbo. Ukafika mwisho. Ulibaki upana wa kiganja kimoja kufikia kifungio. Alivuta tena, uso ukawa mwekundu, akatazama dirishani. Verna akakumbuka vicheko vyote vya kituoni, kwamba Dwight na ule mkanda ni ng'ombe na shanga ya mtoto. Naye aliwahi kucheka.

"Vua koti," alisema taratibu.

"Nikivua nitakuwa wa mwisho kuwa tayari."

"Uwe wa mwisho. Kathy anakuhitaji mzima."

Lorene alikuwa ameshafungua mkanda na vifungo vya koti. Alivua koti lake, akafunga mkanda tena, koti akalipakata. "Haya, na mimi sina. Tutavaa tukifika. Kwani mpira utachukuliwa na nani, paka wa Enos?"

Dwight akavua. Mkanda ukalia tak. Verna akauvuta kwa mkono wake mwenyewe, akafunga mlango.

Walifika jiko likiwa limeshaporomoka. Waliokoa vyumba viwili. Mzee Enos alikuwa kwa jirani, amevaa viatu vya jirani, na blanketi mabegani.

"Mlichelewa," jirani alisema. Hakusema kwa ubaya.

"Tulichelewa," Verna alikubali. Ilikuwa dakika nzima, na hakujua ile dakika ingeokoa nini. Swali hilo alijua atalala nalo.

Walipokuwa wakijiandaa kurudi, Lorene alisema mikanda mirefu inatengenezwa, kesho ataandika barua waletewe. Dwight aliikunja vizuri mipira miwili ya ziada, kazi ambayo siku zote ilikuwa ya Clair.

Verna alikaa kwenye usukani. Taa zote tatu zilikuwa zimezimika. Hakuziamini.

"Lorene?"

"Nimefunga, Mama Verna."

"Dwight?"

"Nimefunga, Mama."

Midomo yake ilikuwa imeshafunguka kuita jina la tatu. Akaitazama taa ya kiti kile, iliyozimika kwa kuwa hapakuwa na mtu, kisha akatia gia taratibu.