Mabinti Sita wa Shaba

Kaingu alikuwa mtu wa kupenda sifa, na hilo halikuwa siri kwa yeyote pale Mwakirunge. Fahali wake Shaba, mwekundu, mgongo mpana kama kitanda, alisifiwa hata na wachimba mawe wasiofuga hata kuku. Kwa hiyo siku ambayo Lynnette, afisa wa mifugo, alikuja kuwasomea wafugaji majibu ya wataalamu, Kaingu alivaa shati la kanisani na kuketi mbele kabisa.

Majibu yalihusu uzazi. Kila mfugaji alikuwa ameandika umri wa kila mtamba wake alipozaa mara ya kwanza, wataalamu wakapiga hesabu kujua ni fahali yupi anayewarithisha mabinti zake kushika mimba mapema. Shaba akatoka wa kwanza. Watu wakapiga makofi, na Kaingu kichwa kikamvimba.

Kisha Gladys akasimama. Alikuwa mjane wa mdogo wake Kaingu, na mali yake yote ilikuwa mitamba wawili wa Shaba, waliotimiza miaka mitatu bila kushika mimba.

"Basi damu yao haina ila," alisema. "Kasoro ni mkono wangu. Mwenye bucha wa Kiembeni atakuja kuwachukua Jumamosi. Niwie radhi, shemeji, kwa kukuharibia mbegu yako."

"Hao pia tuwaandike, mama," Lynnette alimwambia. "Mtamba asiyezaa ndiye anayetueleza zaidi. Ninyi wengine mliwaandika wasiozaa, sivyo?"

Kaingu aliikumbuka fomu yake. Fomu iliuliza tarehe ya kuzaa. Mabinti watano wa Shaba walizaa mapema, naye akawaandika kwa mwandiko mzuri. Sita hawakuzaa, akawauza kwa nyama kimyakimya. Hawakuwa na tarehe, angeandika nini? Ndivyo alivyojiambia wakati ule, na ilimfaa kuamini hivyo. Sasa aliona aibu hata kuinua macho.

Lynnette alianza kufunga faili. Kaingu angenyamaza tu, angerudi nyumbani na fahali nambari moja, na majirani wangempangia foleni na ng'ombe wao. Gladys naye angebaki na zizi tupu na lawama isiyo yake.

Akasimama, akamgeukia Lynnette. "Binti yangu, kuna wengine sita. Hawakuzaa. Sikuwaandika."

Gladys alimgeukia.

"Shemeji," alisema polepole, "mwaka mzima ulikuwa ukipita kwangu unaniambia nawanyima chakula. Nimekata majani mpaka viganja vimechubuka. Kumbe ulikuwa unajua."

Kaingu alitaka kukana, lakini Lynnette alikuwa keshashika kalamu. Akamuuliza kama anakumbuka siku ambayo kila mmoja wa wale sita alipandishwa na dume kwa mara ya kwanza; kwa asiyezaa, hiyo ndiyo tarehe ya kuandika.

Alizikumbuka zote. Akazitaja moja baada ya nyingine, na Gladys akasikiliza mpaka ya mwisho.