Seti Isiyo na Kitu

Bi Dhahiri alifundisha hisabati chuoni miaka thelathini na minne. Jina hilo walimpa wanafunzi, kwa kuwa kila alipofika penye utata ubaoni alisema, "Hili ni dhahiri," akasonga mbele. Aliyethubutu kuuliza alijutia ulimi wake.

Alipostaafu, mkwewe, mke wa mwanawe mkubwa, aliomba kukiandika upya kitabu chake cha nadharia ya seti kwa lugha ya kompyuta, ili programu aliyokuwa akiitengeneza ikague kila uthibitisho hatua kwa hatua. Bi Dhahiri alikubali bila wasiwasi wowote.

Wiki mbili kazi ilikwenda vizuri. Ijumaa asubuhi mkwe alikuja na kompyuta, akaketi ukingoni mwa kiti.

"Samahani, Mama. Imegoma ukurasa wa arobaini."

Bi Dhahiri alivaa miwani. Mstari wenyewe, hatua ya kwanza ya uthibitisho wa kanuni yake kuu, ulisema: kutoka kila seti, chukua kitu kimoja.

"Hapo pana tatizo gani?"

"Inauliza, je, kama mojawapo ni tupu?"

"Mfuko mtupu utatoa nini," alijibu Bi Dhahiri, kisha akaivuta kompyuta karibu.

Alirudi nyuma kurasa mbili, tatu. Hakuna mahali alipozikataza seti tupu. Tena sura iliyofuata ilizihitaji. Siku nne alijaza daftari akitafuta pa kupenyea. Ya tano akaweka kalamu chini. Kanuni aliyojivunia ujana wake wote haikusimama.

Kilichomchoma hasa si kompyuta. Alimkumbuka mhadhiri msaidizi mmoja, mtu mpole, aliyemuuliza swali lilo hilo kwenye kikao cha idara. Alimjibu, "Soma kwanza, ndipo uulize," na watu wakacheka. Mwaka uliofuata yule bwana aliacha chuo, akaajiriwa kwenye kampuni ya bima.

Mkwe alimtafutia namba ya simu ya yule bwana. Bi Dhahiri akapiga.

"Kuhusu seti tupu," alisema baada ya salamu, "wewe ndiye uliyekuwa sahihi."

"Mwalimu, hayo ni ya zamani."

"Ni ya zamani, lakini nilikukosea. Utanisaidia kurekebisha?"

Yule bwana hakuahidi. Baada ya wiki tatu alituma kurasa nne: kanuni ndogo kuliko ile ya awali, lakini yenye uthibitisho kamili. Mkwe aliiingiza, na programu ikaipitisha bila swali. Bi Dhahiri aliisoma mara mbili, akaandika jina la yule bwana juu, na lake chini yake.