Uji wa Baba Mkwe

Mzee Anania alikuwa na moyo uliochoka, miguu iliyovimba, na ubishi usiochoka hata kidogo. Mwaka wa sabini na saba walimtoa Tukuyu wakamleta Mbeya mjini, kwenye kota za reli alikokaa mwanawe Lutengano, ili awe karibu na daktari. Daktari akampa vidonge vya moyo, vidogo, vyeupe, kimoja kila asubuhi. Mzee akavitazama, akasema ameishi umri wote huo bila kula chokaa, hataanza uzeeni. Chupa akaisukumia kule mwisho wa meza, na mjadala ukaishia hapo.

Lutengano hakubishana naye. Mwanaume yule hakuwahi kubishana na baba yake tangu azaliwe. Alichofanya ni kumimina nusu ya vidonge kwenye kopo tupu la maziwa, akalipeleka jikoni kwa mkewe Apolonia. Mbele ya mkewe akasaga kidonge kimoja kati ya vijiko viwili mpaka kikawa unga, akaukoroga kwenye uji wa ulezi wenye sukari nyingi.

"Fanya hivi kila asubuhi," alisema. "Ila asijue. Akijua hatakula tena kitu humu ndani."

Akampa na maneno ya daktari: kimoja kwa siku, kisizidi, maana dawa hii ikizidi ni sumu. Mgonjwa akianza kutapika, au akisema anaona vitu vya njano, iachwe mara moja na yeye arudishwe hospitali.

Apolonia alikuwa Muhehe wa Ilula. Kwao baba mkwe unampigia magoti, unamsalimia, unampakulia, maisha yanaendelea. Kwa Wanyakyusa, watu wa mumewe, weee, ni habari nyingine. Tangu aolewe hakuwahi kumwona baba mkwe wake uso kwa uso wala kusemezana naye. Akitaka kupita ukumbini alikohoa kwanza. Mzee naye akitaka kutoka alikohoa. Wakigongana kwa bahati mbaya, yeye alijitanda kanga kichwa kizima akageukia ukutani mpaka mzee apite. Watu wazima wawili kwenye nyumba ya vyumba viwili, wanakoholeana kutwa kama wagonjwa wa kifua. Uji aliuweka kwenye kigoda nje ya mlango wa mzee, akagonga, akaondoka. Akirudi alikuta bakuli tupu, na moyo wake ulitulia.

Na dawa ilifanya kazi. Miguu ilianza kunywea, na asubuhi mzee alisikika akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kutisha majirani.

Kisha mvua zikabomoa tuta la reli huko Mlimba, mafundi wakaitwa, Lutengano akiwamo. Mgonjwa alihitaji mtu wa kumwogesha na kumsaidia kuvaa, kazi ambayo mkwe hawezi kuigusa, kwa hiyo Lutengano akaagiza dada yake Tusekile aje. Tusekile alifika Lutengano ameshaondoka. Alikuja na mkungu wa ndizi na maneno mengi, na jambo la kwanza aliloliona chumbani kwa baba yake ni ile chupa ya dawa, imekaa mwisho wa meza inapata vumbi.

Alikasirika, lakini hakumwuliza mtu. Alijua yeye mwenyewe jibu: wifi yake mvivu, anamwacha mzee afe. Akachukua kidonge na maji, akaketi kando ya baba yake kitandani. Mzee Anania, aliyemshinda daktari mzima, kwa binti huyu alikuwa laini kama ndizi mbivu. Akameza. Na kesho yake, na keshokutwa.

Apolonia hakuona lolote, angeonaje? Mguu wake haukuwahi kuvuka kile kizingiti. Siri ya uji hakumwambia wifi yake, kwa sababu mumewe alisema mzee asijue, na Tusekile hakuwa na kifua. Kwa hiyo kila asubuhi mmoja alisaga jikoni, mwingine alimezesha chumbani, na kila mmoja alijiona ndiye pekee anayemtunza yule mzee.

Nyimbo zikakoma. Asubuhi moja Tusekile akatoka na bakuli la uji, limeguswa kidogo tu, akalitua jikoni kwa kishindo.

"Uji wako unamtapisha tata, baba yangu. Tangu juzi hakuna kinachotulia tumboni mwake. Sasa anasema ukuta umekuwa wa njano."

Apolonia aliketi juu ya kinu. Alikuwa anatoa kimoja tu, ana hakika na hilo.

"Wifi, kuna kitu kingine unampa?"

"Nampa dawa yake. Ile mliyoiacha mezani."

Hapo akaelewa yote. Ikabidi aseme. "Wifi, hata mimi nampa. Namsagia, naweka kwenye uji. Lutengano ndiye aliyeniagiza. Ni dawa ileile, inazidi, inamuua. Tumpeleke hospitali sasa hivi." Akainua lile kopo la maziwa kumwonyesha.

Tusekile alichungulia ndani ya kopo, akamtazama wifi yake. Alipoongea aliongea polepole.

"Unamwekea baba yangu unga kwenye uji. Kwa siri."

"Ni dawa."

"Dawa hukaa kwenye chupa yake yenye jina la mgonjwa. Hii inakaa jikoni kwako, kwenye kopo la maziwa."

Akageuka akaenda chumbani. Apolonia alimfuata mpaka mlangoni, na miguu ikagoma pale ilipozoea kugoma. Pazia lilikuwa limeshushwa. Alimsikia Tusekile akisema kwa upole kabisa, "Meza viwili leo, tata. Vya hospitali vitashinda alivyokulisha yule." Akasikia kikombe. Angeweza kuingia. Alisimama na kanga yake kichwani, mkwe mwenye adabu, mpaka mzee akamaliza kumeza.

Ndipo akaingia. Mzee Anania alimwona, akavuta blanketi akajifunika uso. Aibu ilimuuma kuliko ugonjwa. Apolonia akanyakua chupa mezani, Tusekile akaanza kupiga yowe la kuita majirani.

Jirani yao Yotamu alikuwa na pikapu. Walimpakia mzee bado amejifunika, hakukubali blanketi liondolewe maadamu mkwe yumo ndani ya gari. Alifia njiani. Hawakujua ni saa ngapi hasa, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumfunua.

Walimzika Tukuyu. Lutengano alifika na buti zake za kazini zenye matope ya Mlimba. Baada ya mazishi ndugu waliketi uani, na Abrahamu, mdogo wa marehemu, akamwita Apolonia akae mahali ambapo wote wangemwona. Tusekile alieleza habari ya kopo. Hakuongeza chumvi, haikuhitaji. Apolonia naye alieleza, akiwa ameinama: vijiko viwili, uji, maneno ya daktari, aliyemwagiza.

Abrahamu akamgeukia Lutengano. "Mwenzio anasema ulimtuma wewe. Wewe ndiye uliyemdanganya baba yako kwenye chakula chake?"

Neno moja tu lilitakiwa. Apolonia aliinua kichwa akamtazama mumewe mbele ya wakwe zake wote, jambo ambalo mke wa heshima halifanyi. Alimwona akiangalia kaburi bichi kule nyuma ya migomba, kisha nyuso za baba zake wadogo, kisha buti zake.

"Mimi nilikuwa safarini," alisema Lutengano.