Kobe na Sahani za Seli

Pale maabara walimwita Kobe, na jina hilo alilipata kwa haki. Kila siku, hata Jumapili, alitoa sahani zake moja moja kwenye kabati la joto, akazikagua kwa hadubini, kisha akazibadilishia maji ya lishe. Alikuwa akilea seli shina za kiinitete cha binadamu, seli changa ambazo bado hazijaamua kuwa ngozi, mfupa au moyo. Kazi yake ilikuwa kuzizuia zisiamue mapema. Mama yake alilalamika kwamba binti anawalisha wasio na midomo, mzazi kamsahau.

Jumatatu moja alikuta mtungi wa gesi inayozilinda seli kabatini umeisha. Maji ya lishe yalikuwa yamebadilika rangi. Makundi ya seli, ambayo kingo zake zilikuwa laini, sasa yalikuwa yamechanika pembeni. Seli nyingi zilishaanza kugeuka kuwa za aina nyingine. Na akiba iliyogandishwa walikwisha kuijaribu, ikakataa kufufuka. Zilizobaki ndizo hizo.

Profesa, mkuu wa maabara, alizitazama, akavua miwani. Akasema zitupwe, waagize nyingine, ingawa kungoja kungewarudisha nyuma sana.

"Nipe wiki hii," Kobe akasema. "Kuna penye uzima, nimepaona."

Profesa alimkubalia, ila alimwonya asije kumlilia baadaye.

Kobe aliinamia hadubini mpaka shingo ikakakamaa. Kwa ncha ya sindano alikata vipande vilivyosalia safi, akavihamishia sahani mpya. Kesho yake vingi vilikuwa vimekufa. Alijifungia chooni akalia, akanawa uso, akarudi kulisha vilivyobaki. Wiki hiyo hakuna aliyemtania; profesa mwenyewe ndiye aliyemletea chai mlangoni.

Kisha kundi moja likashika. Likatanuka, seli zimebanana kama punje za hindi, likazaa mengine. Vipimo vikathibitisha kwamba hazijageuka, wala hazina kasoro.

Miezi ikapita, wakazielekeza baadhi ziwe seli za moyo. Asubuhi moja Kobe alitazama, akamwita profesa. Ndani ya sahani kipande kidogo kilikuwa kinadunda, kinatulia, kinadunda tena.

"Umetufikisha, Kobe," profesa akasema polepole.

Habari ilikimbia kuliko miguu. Watu walipanga foleni mpaka kwenye korido, mfagizi na mhasibu wakiwemo. Kobe alisimama kando ya hadubini, kidevu juu, akimrekebishia kila mmoja lenzi. Na kila aliyeinua kichwa alikuwa anacheka.