Alhamisi ya Mgawa Maji

Fundo lile la uongo nililifunga nikiwa na akili zangu zote. Kama mizimu ya kwetu Betsileo ina neno nami, nyumba yangu inaijua.

Mkwe wangu Lalao ndiye aliyekuwa akitugawia maji. Kazi ilikuwa ya mwanangu Ndrina. Alipokufa, wanaume walitazamana, kila mmoja akaogopa jirani yake asije akaipata, wakampa mjane. Mfereji wetu ni mmoja, una milango miwili ya mbao: mmoja unapeleka maji kwenye majaruba ya mashariki, mwingine ya magharibi. Mbao zile haziguswi ila na mgawa maji. Mwaka wa mvua ni kazi ya mtu kukaa akasuka mkeka. Mwaka ule mvua haikuja.

Basi kila asubuhi, kabla hajanawa uso, ua umejaa watu. Nani aanze, nani aongezewe, ng'ombe wa nani wamebomoa tuta, miche ya nani imeingia njano. Akiwamaliza hao, binti yake Fara anataka kujua avae gauni lipi. Na siku mbaya kuliko zote ilikuwa Alhamisi. Kwetu Alhamisi ni mwiko kutia jembe jarubani. Watu wote wanapumzika, na wakishapumzika wanapata nafasi nzuri ya kuja kugombana kwa Lalao. Maji hayajui Alhamisi, kwa hiyo naye hakuwa nayo.

Jumatatu nilimpakulia wali na mihogo, nikamwambia achague. Alivitazama hadi vikapoa, machozi yakaanza kumtoka. Kwa ulimi wangu huu usio na adabu nikamwambia mihogo hailizi mtu ila aliyeilima. Hakucheka. Hapo niliogopa, maana Lalao alikuwa mtu wa kucheka hata matangani.

Jumatano mchana nikamkuta ndani ya mfereji, kati ya ile milango miwili, maji magotini, ubao mkononi. Amesimama vile tangu asubuhi, alisema, hajui aupachike wapi. Chini kidogo ya pale maji yanaangukia kwenye shimo ambalo hata waogeleaji wetu hawaliingii. Alikuwa akilitazama.

"Mama," akaniambia, "mimi nikitulia humo, Fara utamlea?"

Niliingia na nguo zangu, nikaushika mkono wake ulioshika ubao, tukaupachika kwenye mlango uliokuwa karibu. Mkono wake juu ya ubao, wangu juu ya mkono wake, mwiko usivunjike. Tulipofika nyumbani ndipo nilipokumbuka kwamba tumefunga mlango wa magharibi. Kitalu changu cha miche kiko magharibi.

Alhamisi, watu hawajafika, nilikata kijiti, nikafunga shungi la majani kwenye ncha, nikakisimika mbele ya mlango wa Lalao. Kijiti cha namna hiyo huku hakipitwi. Anayekiona hugeuka, wala haulizi. Kukisimika kwa uongo si mchezo. Mimi ni wa mkono wa kushoto, fundo likatoka kama mkia wa nguruwe.

Nikaingia, nikamwambia leo amepigwa marufuku: asijibu mtu, asichague kitu, alale.

"Nani kasema?"

"Kuuliza nako ni kazi. Lala."

Alilala kabla sijamaliza kudanganya.

Watu wakaja, wakakiona kijiti, wakarudi nyuma wakinong'ona. Ratsimba peke yake ndiye aliyebaki. Kitalu chake kinapakana na changu.

"Bibi Ravao, mwiko huu umeanza lini?"

"Asubuhi, ulipokuwa ukikoroma."

"Upande wetu umefungwa tangu jana. Miche yangu inakufa, na yako inakufa kando yake."

"Basi ruka, mwanangu. Mimi kizee, sitaweza kukushika mguu. Ila mkeo ana mimba, au nimesikia vibaya?"

Hakuruka. Nilikaa kizingitini, jua likapanda, nikaona kwa macho yangu kitalu changu kikitoka kwenye kijani kikienda kwenye rangi ya kamba kuukuu. Mara tatu niliinuka nikamwamshe Lalao, mara tatu nikaishia kuweka sikio puani pake nisikie kama anapumua. Fara nilimnyamazisha kwa ukoko wa wali. Alasiri Ratsimba alirudi, akachuchumaa ng'ambo ya kijiti. Safari hii hakugomba.

"Bibi, niambie tu. Nisubiri, au nikang'oe miche nikaombe shamba kwa wajomba?"

Maswali ya namna hiyo ndiyo Lalao aliyokuwa akilishwa kila asubuhi, na mimi moja tu lilinishinda.

Lalao aliamka Ijumaa, jua limeshapanda. Nikamuuliza ale nini.

"Wali. Mihogo kula wewe."

Akatoka nje, akakigusa kijiti, akaligeuza lile fundo.

"Mama, mizimu ya huku yote ina mkono wa kushoto?"

Nilijifanya nafagia. Akaenda mferejini, akaufungua mlango wa magharibi bila kusimama, kama mtu anayefungua dirisha. Ratsimba aliokoa nusu ya miche yake. Yangu haikubaki hata mmoja. Lalao akamwambia itakayozidi anipe mimi. Ratsimba akaanza kubisha, lakini Lalao ameshaondoka.

Kijiti hakuking'oa. Alisema tu kwamba fundo lile upepo utalifungua.

Mvua bado. Lile shimo lipo palepale. Leo Alhamisi nimelifunga fundo upya, kwa mkono wa kulia, na limekaa upande.